Kahiye ya Apolo wa Boga

Somo: Malaki 3:16



Nabii Malaki anatuonyesha kitabu cha ukumbusho mbele za Mungu, chenye habari za wale wanaomcha. Kama Mungu asiyesahau anaandikisha, sisi tunaosahau upesi tufanye nini?

Wahubiri wengi wa zamani waliandika. Francis Asbury, Mmethodisti aliyefika Amerika mwaka 1771, alizunguka nchi ile juu ya farasi hadi alipokufa mwaka 1816. Safari zake tunazijua kwa sababu aliziandika mwenyewe. Lakini tusiseme hiyo ni desturi ya wazungu. Hapa kwetu Congo alikuwako Apolo Kivebulaya.

Apolo alikuwa Mganda, aliyezaliwa karibu mwaka 1864. Alibatizwa mwaka 1895, na mwishoni mwa 1896 akavuka milima ya Rwenzori mpaka Boga, ambayo leo iko Ituri. Jina Kivebulaya, yaani kilichotoka Ulaya, alilipata kwa sababu ya koti alilovaa. Chifu Tabaro alimpinga. Dada ya chifu alipokufa kwa ajali ya mkuki, Apolo alishtakiwa kwamba ameua, akafungwa na kupelekwa Toro. Alipofunguliwa, alirudi Boga kwa watu wale wale, na Tabaro mwenyewe akabatizwa kwa jina la Paulo.

Apolo akawa shemasi mwaka 1900, kasisi mwaka 1903. Kuanzia 1921 alipeleka Injili kwa Wambuti msituni. Hakuoa. Alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933, akiwa ameomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi, maana kazi ya huko ilikuwa haijaisha.

Mtu huyu aliandika kahiye za kila siku, kwa Kiganda. Nyingine zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Ni maneno mafupi ya safari zake na kazi ya kanisa. Wamishonari, kama A. B. Lloyd, waliandika vitabu vya kumsifu, na ndani yake tunamkuta shujaa. Katika kahiye tunamkuta mfanyakazi: leo amekwenda, kesho amefundisha, kesho kutwa anaendelea. Bila kahiye hizo, tungemjua Apolo kwa kinywa cha wageni tu.

Wapendwa, hapo ndipo neno hili linatugusa. Wamishonari Wapentekoste wa Norwe na Uswidi walifika Kivu katika miaka ya 1920, na barua zao zilisomwa makwao. Lakini nani aliandika habari za wainjilisti wetu, waliotembea nao, waliowatafsiria, waliobaki na waamini wakati wageni wamerudi? Wazee wanaokumbuka wanatuacha mmoja mmoja, na kila mazishi ni kama kitabu kinachozikwa.

Tena tukumbuke Alhamisi ile ya tarehe 4 Mei 2023, mafuriko yalipofagia Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, wengi wakazikwa pamoja, na wengine hawakuonekana kabisa. Hesabu ilitangazwa duniani. Lakini mama aliyepoteza mtoto hatafuti hesabu, anatafuta jina. Kanisa ambalo halikuandika majina ya watu wake litamsaidiaje?

Kwa hiyo tunaomba kila shapeli inunue kahiye moja. Sekretere aandike tarehe, mhubiri, somo, watu waliobatizwa, watoto waliozaliwa, wagonjwa, waliohama kwa vita, waliokufa na mahali walipozikwa. Mistari mitatu kila Jumapili inatosha. Wazee waulizwe sasa, wangali na nguvu ya kusema. Na kahiye iwekwe juu, maji yasiifikie, pamoja na nakala nyingine katika nyumba ya pili.

Tusiandike ili tusifiwe. Tuandike ili watoto wetu wajue Bwana alipita Kalehe, na alipita kwa watu wenye majina.