Kutoka Amri hadi Maelezo: Lugha ya Mwongozo wa Afya wakati wa Ebola Kivu Kaskazini, 2018–2020

1.0 Utangulizi

Tarehe 1 Agosti 2018 Wizara ya Afya ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika mkoa wa Kivu Kaskazini, baada ya wagonjwa kugunduliwa Mangina, karibu na Beni. Ulikuwa mlipuko wa kumi nchini humo tangu virusi hivyo vitambuliwe Yambuku mwaka 1976. Ulipotangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 kati yao walikuwa wamefariki. Ni mlipuko wa Afrika Magharibi wa 2014–2016 pekee uliozidi idadi hiyo, ingawa safari hii chanjo ilianza kutolewa mwezi uleule wa Agosti.

Makala haya yanauliza kwa nini mwongozo uliokuwa sahihi kitabibu ulichelewa kukubalika na wakazi. Hoja yetu ni kwamba ujumbe haukuwa haba. Ulitolewa kama amri, mara nyingi kwa lugha isiyo ya msikilizaji, na haukumwachia nafasi ya kuuliza.

2.0 Mazingira ya kutoaminiana

Mwongozo wa afya hausikilizwi katika ombwe. Tangu Oktoba 2014 wakazi wa Beni na vitongoji vyake walikuwa wakiuawa katika mashambulizi ya makundi yenye silaha. Walipoona magari, fedha na wataalamu wakimiminika kwa ajili ya Ebola, wengi walijiuliza kwa nini vifo vya mapanga havikuwahi kuitikiwa vivyo hivyo. Mwishoni mwa Desemba 2018 upigaji kura uliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu, huku wananchi kwingineko nchini wakimchagua Rais. Maandamano yalifuata, na kituo cha kuwahifadhi watu waliohofiwa kuwa na Ebola mjini Beni kikavamiwa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko, aliuawa mjini Butembo.

Jina la shughuli yenyewe halikusaidia. Kazi yote ya kupambana na ugonjwa iliitwa kwa Kifaransa “riposte”, neno linalobeba pia maana ya kujibu shambulio. Timu zilipofika vijijini zikisindikizwa na askari, jina na sura ya wageni hao vilikubaliana.

3.0 Kiswahili kipi?

Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo, kwa hiyo ilidhaniwa kwamba maandishi ya Kiswahili sanifu yangetosha pale ambapo Kifaransa hakieleweki. Utafiti wa shirika la Translators without Borders ulionyesha kwamba wakazi walipata shida kuelewa maandishi ya Kifaransa na ya Kiswahili sanifu pia, na kwamba walihitaji Kiswahili cha kwao pamoja na Kinande.

Matokeo hayo yanatugusa sisi wanataaluma wa Kiswahili moja kwa moja. Tumezoea kusifu kuenea kwa lugha hii, na mara nyingi tunasahau kwamba usanifu wenye msingi wa Kiunguja haukukua pamoja na msamiati wa hospitali za Kivu. Huko “munganga” ni daktari, ilhali mtu wa Dar es Salaam akisikia “mganga” katika mazungumzo ya kawaida humfikiria kwanza mganga wa kienyeji. Kosa la aina hiyo kwenye bango la uchaguzi huchekesha. Likiwa kwenye maelekezo ya mahali pa kumpeleka mtoto mwenye homa, huua.

4.0 Amri na sababu

Kasoro ya pili ilikuwa ya kisarufi. Mwongozo wa awali ulitawaliwa na vitenzi vya kuamuru na kukataza: nawa, usiguse, usioshe maiti, piga simu. Mfuatano huo haukuweza kueleza jambo kama chanjo ya mzunguko, inayotolewa kwa waliokutana na mgonjwa na kwa wale waliokutana na hao. Mkazi aliyeona jirani akichanjwa na yeye akiachwa alihitaji sababu. Alipoikosa, uvumi ulimpa ya kwake.

Historia ya istilahi ya maziko inaonyesha njia nyingine. Mwaka 2014, wakati wa mlipuko wa Afrika Magharibi, Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu wa maziko yaliyo salama na yenye heshima. Heshima ilipotajwa bayana, familia ilipata neno la kudai haki yake: kushauriwa, kushuhudia, kumwombea marehemu wao. Vivyo hivyo, vyumba vyenye kuta zinazoonyesha ndani vilivyotumika Beni viliwawezesha ndugu kumwona mgonjwa na kuzungumza naye. Waliopona waliajiriwa kuwatunza watoto, wakawa ushahidi ulio hai kwamba kituo si mlango wa kaburi. Mambo hayo yalijibu maswali ambayo mabango hayakuyajibu.

5.0 Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, faharasa za afya ziandaliwe kabla ya mlipuko, zikijumuisha lahaja za mipakani, na zijaribiwe kwa wasikilizaji badala ya kuidhinishwa na wataalamu peke yao. Pili, kila katazo liambatane na sababu yake. Tatu, maswali ya wakazi yakusanywe na kujibiwa kwa lugha waliyoulizia. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Virusi havisubiri stempu ya mpakani, na lugha ya kuwaonya watu isisubiri.