Nyavu zilizoachwa na masashe katika Ziwa Tshangalele

Wengi wetu tunaijua Kapolowe kwa samaki wake, wanaouzwa Likasi mpaka Lubumbashi. Ziwa wanamotoka, Tshangalele, zamani halikuwako. Ni maji ya mto Lufira yaliyozuiwa na bwawa la Mwadingusha, lililoanza kutoa umeme mwaka 1930. Mwaka 1982 UNESCO iliandika Lufira kati ya hifadhi zake za biosfia.

Takataka zinazoliumiza ziwa hili kwa kuonekana ni za namna mbili. (Uchafu wa madini unaoshuka kutoka Likasi kwa mto Panda ni habari nyingine, wala si ndogo.)

Ya kwanza ni nyavu. Nyavu za nyuzi za miti walizotumia babu zetu zilioza. Za nailoni haziozi. Wavu uliokatika au kuachwa unabaki majini ukiendelea kuvua: tilapia, kambale, hata ndege wanaozamia. Wanaokufa humo wanawaita wengine kuja kula, nao wananaswa. Samaki hao hakuna anayewala, wala hakuna mama anayewauza apate karo ya watoto.

Ya pili ni masashe na chupa. Dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki nchini mwetu, lakini kila soko bado linayo. Ndugu zetu wa Bukavu wanajua matokeo yake: takataka za Ziwa Kivu zinakwamisha mitambo ya Ruzizi, na mji unakosa umeme.

Lufira inaingia Lualaba, na Lualaba ndiyo inayokuwa mto Kongo hadi Atlantiki. Hatusemi kwamba sashe ya Kapolowe inafika kwenye barafu. Bwawa na vinamasi vya Upemba viko njiani. Lakini kule kusini kabisa kuna jambo la kujifunza. Kamisheni inayolinda viumbe wa bahari ya Antaktika, yenye ofisi Hobart, Australia, ilianza kazi mwaka 1982. Watu wake wanarudi pwani zilezile, wanaokota, wanahesabu, wanaandika. Kwa kuhesabu walitambua kwamba sili wengi walikuwa wananyongwa na mikanda ya plastiki ya kufungia makasha: mnyama mchanga anaingiza shingo, anakua, mkanda haukui. Basi meli zikakatazwa mikanda hiyo kwenye makasha ya chambo, na mingine yote lazima ikatwe isibaki kitanzi. Sheria ilitoka kwenye daftari la hesabu.

Kazi kama hiyo haihitaji mashine. Vijana wachague sehemu moja ya ukingo, isibadilike, waende kila mwezi, waandike: nyavu ngapi, chupa ngapi, masashe mangapi, mnyama gani amenaswa. Wavuvi waulizwe bila kutishwa nyavu zao zilipotelea wapi, maana wavu ni mali na hakuna anayependa kuupoteza. Zilizotolewa zikatwe vipande kabla ya kuzikwa.

Na sisi wachungaji tuanze na seminari zetu. Maji ya masashe tunayogawa ndiyo tunayoyakuta uani Jumatatu. Mama wa kanisa wanayo masufuria na vikombe. Tuliwaomba, wakakubali, wakauliza tu nani ataviosha. Vijana wa kiume wamepewa zamu hiyo.