Sindano ya Ozempic na mwanakemia aliyeachwa nje ya hataza

Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza dawa nne za sindano katika orodha yake ya dawa muhimu: semaglutaidi, dulaglutaidi, liraglutaidi na tirzepataidi. Walengwa ni watu wazima wenye kisukari aina ya pili ambao pia wana maradhi ya moyo au ya figo pamoja na unene uliopitiliza. Dawa ambazo watu wengi wamezisikia kwa jina la Ozempic, zikitajwa kama siri ya wasanii na matajiri ya kupunguza mwili, sasa zimetambuliwa kuwa dawa ambazo hata hospitali ya umma inapaswa kuwa nazo.

Ukiuliza sindano hizi zimetoka wapi, utatajiwa kampuni mbili: Novo Nordisk ya Denmark na Eli Lilly ya Marekani. Ni kweli kampuni hizo ndizo zilizozifikisha sokoni na ndizo zinazovuna mabilioni. Lakini chimbuko lake liko katika maabara za hospitali na vyuo vikuu, na mmoja wa waliolichimba ni mwanamke ambaye kwa miaka mingi jina lake lilikaa pembeni huku wenzake wakipanda jukwaani. Anaitwa Svetlana Mojsov. Mwaka 2023 jarida la Science liliusimulia mkasa wake kwa kirefu, na ndiyo sehemu ya historia hii inayostahili kujulikana zaidi.

Hadithi ya insulini wengi wanaijua. Iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921. Januari 1922 alichomwa sindano yake kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa akifa kwa kisukari, na mwaka uliofuata wagunduzi wakauza hataza kwa chuo kikuu chao kwa dola moja moja. Insulini imeokoa mamilioni ya watu, ila ina ukali wake: ukizidisha dozi, sukari hushuka mno na mgonjwa anaweza kuzimia au kufa. Wengi huongezeka uzito wanapoitumia.

Katika miaka ya 1960 watafiti waliona jambo la ajabu. Sukari inayomezwa huifanya kongosho itoe insulini nyingi kuliko sukari ileile inayotiwa moja kwa moja kwenye mshipa. Maana yake, utumbo unapopokea chakula hutuma ujumbe kwa kongosho. Kazi ikawa kumtafuta mjumbe huyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, Joel Habener na wenzake walikuwa wakichunguza kongosho ya samaki wa baharini. Waliisoma jeni ya homoni ya glukagoni, inayopandisha sukari mwilini, wakakuta imebeba pia maagizo ya kitu kingine kinachofanana nayo. Muda mfupi baadaye Graeme Bell na wenzake wakakuta kwamba jeni ya wanyama wanaonyonyesha, binadamu akiwemo, imebeba vitu viwili vya namna hiyo. Kimoja kikaitwa GLP-1. Kwenye karatasi kilionekana kuwa mnyororo wa asidi amino 37, lakini kilipojaribiwa mnyororo wote mzima, hakikuleta matokeo ya maana.

Hapo ndipo Mojsov anapoingia. Alizaliwa Skopje, Yugoslavia ya wakati huo, akasoma Belgrade, na mwaka 1972 akajiunga na Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, katika maabara ya Bruce Merrifield. Merrifield, aliyepata Nobel ya Kemia mwaka 1984, alibuni njia ya kuunda protini fupi kwa mkono: asidi amino ya kwanza hushikizwa kwenye chembe ndogo za utomvu, kisha ya pili huunganishwa juu yake, ya tatu, ya nne, na kila hatua mabaki huoshwa kabla ya kuendelea. Ni kazi ya subira, kwani kosa la kiungo kimoja huharibu mnyororo wote. Mojsov aliimudu kwa kuifanyia kazi glukagoni yenyewe.

Mwaka 1983 alihamia hospitali ile ya Boston kusimamia kitengo cha kuunda protini hizo. Alipoutazama mnyororo wa GLP-1 na kuulinganisha na glukagoni aliyoijua vizuri, aliona kwamba asidi amino sita za mwanzo zimezidi. Mjumbe halisi, aliona, ni kipande kinachoanzia ya saba hadi ya 37. Akakiunda mwenyewe, akatengeneza kingamwili za kukitambua, na kwa kingamwili hizo akakikuta ndani ya utumbo wa panya. Yeye, Habener na Gordon Weir wakakipitisha kwenye kongosho ya panya, na kiasi kidogo mno kikaifanya itoe insulini. Matokeo yakachapishwa mwaka 1987. Mwaka huohuo Jens Juul Holst wa Copenhagen alifika mahali hapohapo kwa njia yake, akitumia utumbo wa nguruwe.

Uzuri wa homoni hii ni kwamba huisukuma kongosho pale tu sukari inapokuwa juu. Sukari ikishuka, nayo hutulia. Hiyo ndiyo ahueni ambayo wagonjwa wa kisukari walikuwa hawajaipata.

Mwaka 1990 Mojsov alirudi Rockefeller. Baadaye akabaini kwamba hospitali ilikuwa imeombea GLP-1 hataza, na aliyeandikwa kama mgunduzi ni Habener peke yake. Hili si suala la heshima tu. Jina lililomo kwenye hataza ndilo linalopata mgawo dawa inapouzwa, na haki hizo zilikuwa zimekodishwa kwa Novo Nordisk. Mojsov alipigania jina lake kwa miaka. Hatimaye hataza nne zikarekebishwa na yeye akaingizwa kama mgunduzi mwenza, wakati sehemu kubwa ya muda wa hataza hizo ilikuwa imeshapita.

Tuzo nazo zikampita. Mwaka 2020 Tuzo ya Warren Alpert ilikwenda kwa Habener, Holst na Daniel Drucker, aliyewahi kufanya kazi katika maabara ya Habener. Mwaka 2021 Tuzo ya Gairdner ya Kanada ikawaendea walewale watatu. Hakuna anayekana mchango wa wanaume hao. Lakini makala za kisayansi zilizosimulia ugunduzi huo zilimruka mtu aliyekiunda kipande chenyewe kwa mikono yake, na zilizomruka zilikuwa katika majarida makubwa kama Cell na Nature. Mojsov aliyaandikia, akadai marekebisho, na mwaka 2023 yakarekebisha. Ndipo milango ikafunguka: mwaka 2024 alipewa Tuzo ya Lasker pamoja na Habener na Lotte Bjerre Knudsen wa Novo Nordisk. Alikuwa ameshavuka miaka 75.

Kulikuwa na kikwazo kingine cha kisayansi. GLP-1 ya asili haidumu kwenye damu zaidi ya dakika chache. Kimeng'enya cha mwili huikata. John Eng, mtafiti wa hospitali ya maveterani ya Bronx, New York, alikuta katika sumu ya mjusi wa Gila, anayeishi majangwa ya Marekani na Meksiko, homoni inayofanana nayo ambayo hukaa kwa saa kadhaa. Alichapisha ugunduzi huo mwaka 1992. Mwajiri wake hakutaka kuuombea hataza, hivyo Eng akaiomba mwenyewe. Aprili 2005 Marekani iliidhinisha dawa iliyotokana na kazi hiyo, Byetta, ya kuchomwa mara mbili kwa siku.

Knudsen na wenzake walichukua njia nyingine: waliishikiza homoni ya binadamu na asidi ya mafuta ili ijibanze kwenye protini ya damu isikatwe haraka. Kwa njia hiyo ikapatikana liraglutaidi ya kila siku, kisha semaglutaidi ya mara moja kwa wiki. Ozempic iliidhinishwa Marekani Desemba 2017 kwa kisukari, na Wegovy, dawa ileile kwa dozi kubwa, mwaka 2021 kwa uzito. Katika jaribio moja kubwa, walioitumia kwa wiki 68 walipungua karibu asilimia 15 ya uzito wao kwa wastani. Tirzepataidi ya Eli Lilly ilifuata mwaka 2022.

Sisi tuko wapi? Utafiti wa vijijini Tanzania ulioongozwa na Donald McLarty, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta wenye kisukari hawafiki asilimia 1. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban asilimia 9 ya watu wazima. Ugonjwa umefika, sindano hizi bado ni za mwenye fedha. Pengo hilo ndilo huwavutia matapeli, na Juni 2024 WHO ilitoa tahadhari ya dunia nzima kuhusu semaglutaidi bandia. Hata dawa halisi inahitaji daktari: huleta kichefuchefu na kutapika, na wengi wanaoiacha uzito huwarudia.

Mwaka 2026 ulinzi wa hataza ya semaglutaidi unafikia ukomo katika nchi kadhaa, zikiwemo India, China na Brazil, na viwanda vya huko vimejipanga kutengeneza za bei nafuu. Nchi zetu zisingoje kuletewa mabaki. Zipange manunuzi ya pamoja, zisajili mapema dawa zilizopimwa ubora, zihakikishe majokofu ya kuzihifadhia yanafanya kazi hadi wilayani, na bima za afya zianze na wagonjwa wa kisukari wenye moyo au figo zilizoathirika, kama WHO ilivyoelekeza. Na wanafunzi wa udaktari na famasia wanapofundishwa homoni hii, wafundishwe pia jina la Svetlana Mojsov, kwa sababu bila yeye historia hii haijakamilika.