Shilingi Kumi na Moja: Habari za Charles Buchan

Somo letu la leo la historia ni juu ya Mwingereza mmoja aliyejipatia riziki kwanza kwa miguu, kisha kwa kalamu. Jina lake ni Charles Buchan.

Alizaliwa mwaka 1891 huko Plumstead, London, karibu na kiwanda cha silaha cha Woolwich. Wafanyakazi wa kiwanda hicho ndio walioanzisha klabu ya mpira ya Arsenal. Kijana Buchan alikuwa akisoma ili awe mwalimu, na huku akichezea timu ya pili ya Arsenal. Mwaka 1909 alidai arudishiwe gharama zake, shilingi 11. Zama hizo shilingi 20 zilifanya pauni 1. Meneja akakataa kulipa. Basi Buchan akaiacha klabu hiyo.

Mwaka 1911 alinunuliwa na klabu ya Sunderland, kaskazini ya Uingereza. Mwaka 1913 Sunderland wakawa mabingwa wa nchi. Ikaja vita ya 1914 hadi 1918, naye akaenda kupigana, akapata nishani ya ushujaa. Vita vilipokwisha akarudi uwanjani. Kwa jumla aliifungia Sunderland mabao 209 katika mashindano ya ligi.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 1925 Arsenal walimtaka tena. Sunderland wakataja bei ya pauni 4,000, wakisema mtu huyu atafunga mabao 20 kwa mwaka. Herbert Chapman, meneja mpya wa Arsenal, akajibu: tutatoa pauni 2,000 sasa, na pauni 100 kwa kila bao atakalofunga katika msimu wa kwanza. Buchan akafunga mabao 21. Fanyeni hesabu: Arsenal walilipa pauni 4,100 kwa mtu waliyemnyima shilingi 11.

Je, fedha hizo alizipata nani? Zilikwenda kwa Sunderland. Kanuni za wakati ule zilikataza mchezaji kupewa mshahara uliozidi pauni 8 kwa juma, hata akiwa hodari namna gani. Kanuni hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1961.

Buchan alikuwa mtu wa kufikiri. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa, na washambuliaji wakapata nafasi kubwa zaidi. Mwezi wa Oktoba Arsenal wakafungwa na Newcastle mabao 7 kwa 0. Buchan akashauri kwamba mchezaji wa katikati arudi nyuma asaidie ulinzi. Shauri lake likakubaliwa, na mechi iliyofuata wakashinda 4 kwa 0. Baadaye klabu nyingi zikaufuata mpango huo.

Mwaka 1928, akiwa na umri wa miaka 36, aliacha kucheza. Wachezaji wengi wa zama zile walipofika hapo hawakuwa na kazi nyingine ya kushika. Buchan alikuwa na elimu yake. Akaajiriwa na gazeti la Daily News, ambalo mwaka 1930 liliunganishwa na jingine likaitwa News Chronicle, akaandika habari za mpira. Sauti yake ilisikika pia katika radio ya BBC. Mwaka 1947 alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha waandishi wa mpira. Mwaka 1951 likatoka gazeti la kila mwezi lenye jina lake, Charles Buchan's Football Monthly, naye akiwa mhariri.

Alifariki mwaka 1960. Gazeti lake liliendelea kutoka mpaka mwaka 1974. Miguu yake ilimtumikia miaka chini ya ishirini. Kalamu ilimtumikia zaidi ya thelathini.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini Buchan aliondoka Arsenal mwaka 1909?
2. Pauni 4,100 zilipatikanaje? Andika hesabu yake.
3. Je, ilikuwa haki mchezaji auzwe kwa fedha nyingi, na mshahara wake uwe na kikomo? Toa sababu zako.