Dawa ya Macho Iliyonyakuliwa na Urembo

Tangu Aprili 2002, Marekani ilipoidhinisha Botox kulainisha mikunjo iliyo kati ya nyusi, sindano hiyo imehesabiwa kuwa mali ya urembo. Historia inakataa. Sumu ambayo Botox hutengenezwa kwayo ilijulikana kwa kuua: miaka ya 1820 daktari Mjerumani Justinus Kerner aliichunguza kwenye soseji zilizoharibika, na mwaka 1895 Émile van Ermengem akampata bakteria wake baada ya wanamuziki kula nyama mbovu huko Ellezelles, Ubelgiji, watatu wakafa. Aliyeigeuza kuwa dawa ni Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, aliyetaka kunyoosha makengeza bila kupasua. Kipimo kidogo mno huzuia neva isiuamuru msuli. Msuli hulegea miezi mitatu au minne, kisha nguvu hurudi.

Waliobeba mzigo wa miaka ya mwanzo ni wagonjwa ambao kope zao hujikaza zenyewe, mtu mwenye macho mazima akashindwa hata kuvuka barabara. Mwaka 1986 kampuni ndogo ya Scott ilikosa bima ya kuikinga na madai ya fidia, na dawa ikaadimika. Kwa miezi minne Wamarekani waliokuwa wamepata nafuu walilazimika kuifuata sindano Kanada. Idhini ya kwanza ya Marekani, mwaka 1989, ilitolewa kwa ajili yao na wenye makengeza. Hata matumizi ya kulainisha mikunjo yalifichuliwa na mgonjwa wa aina hiyo: mjini Vancouver, mwaka 1987, alimwomba Jean Carruthers, aliyejifunza mbinu hii kwa Scott, amchome pia kati ya nyusi, kwa kuwa alipochomwa hapo uso ulitulia. Jean na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, walichapisha matokeo yao mwaka 1992.

Watetezi wa biashara hii husema fedha za urembo ndizo zilizokuza tiba, nao hutaja idhini ya kipandauso sugu ya mwaka 2010. Huenda fedha hizo zilisaidia. Lakini ugonjwa wa shingo kupinda kwa mkazo wa misuli uliidhinishiwa dawa hii mwaka 2000, kabla ya mikunjo ya nyusi. Urembo ulikuta njia imeshafyekwa, na usalama unaojivunia ulipimwa kwanza katika miili ya wagonjwa. Kampuni ya Allergan, iliyoinunua dawa mwaka 1991, nayo ilinunuliwa na AbbVie mwaka 2020 kwa takriban dola bilioni 63. Scott alifariki Desemba 2021, na kuisimulia Botox bila kumtaja yeye na wagonjwa wake ni kuwadhulumu.