Chenga Zilizoshinda Picha Kali: Droni za FPV Zilikotoka na Namna ya Kuchagua Vifaa Bila Kuunguza Hela

Mwezi Machi 2021 video moja ilizunguka dunia nzima kwenye simu za watu. Droni ndogo inatokea nje, inaingia kwenye ukumbi wa bowling mjini Minneapolis, Marekani, inapita katikati ya wateja, inazama nyuma ya mashine zinazosimamisha pini, inaibukia upande mwingine na kuendelea. Karibu dakika moja na nusu, haijakatwa hata mara moja. Wengi walibisha wakasema ile ni kompyuta. Haikuwa kompyuta. Alikuwa jamaa mmoja na rimoti mkononi.

Aina hiyo ya urushaji inaitwa FPV. Rubani haangalii droni iko wapi angani. Anavaa miwani inayoziba macho kabisa, na ndani ya miwani anaona kile ambacho kamera ya mbele ya droni inaona, muda uleule. Yaani mwili uko chini, macho yako juu.

Baada ya video kama ile, swali la kwanza la watu huwa ni moja: kamera gani ile? Na hilo ndilo swali linalowaponza wengi wanaotaka kuanza. Wanatafuta picha kali kwanza. Lakini ukifuatilia mchezo huu ulikotoka, utakuta kwa miaka mingi waliokuwa wanashinda ni wale waliokubali kuona picha mbaya. Sababu ipo, na ukiielewa hutauziwa mbuzi kwenye gunia.

KAMERA YA ULINZI JUU YA NDEGE YA KUCHEZEA

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wapenzi wa ndege za rimoti huko Ulaya na Marekani walikuwa na shida moja. Ndege ikienda mbali inakuwa nukta, hujui imegeukia wapi, ikianguka unaenda kuokota vipande. Baadhi yao wakachukua kamera ndogo za ulinzi, zile za kufunga dukani, wakazifunga kwenye ndege za povu. Wakaweka na kifaa cha kurusha picha kwa mawimbi ya redio, ambacho marubani mpaka leo wanakiita VTX. Chini wakaweka kipokezi na kioo kidogo, baadaye miwani.

Picha ilikuwa ya analojia, kama TV za zamani. Waliokulia Dar wanaijua vizuri. Kabla matangazo ya analojia hayajazimwa jijini tarehe 31 Desemba 2012, kila nyumba ilikuwa na mtu wa kupanda juu ya bati kuzungusha antena huku wengine wakipiga kelele chini: "Hapo hapo! Hapana, imerudi chenga!" Basi marubani wa kwanza wa FPV walikuwa wanaendesha ndege kwa picha ya namna hiyo.

Na bado walifanya makubwa. Mwishoni mwa 2010 rubani mmoja alirusha ndege ya povu New York, akaizungusha kwenye Sanamu ya Uhuru na daraja la Brooklyn, video ikawa gumzo. Mwaka 2011 akarusha tena kwenye chuo kikuu kimoja jimboni Virginia, safari hii kwa kazi ya kulipwa. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ikataka kumpiga faini ya dola 10,000 kwa kurusha ovyo. Jamaa akagoma, kesi ikaenda. Machi 2014 jaji akaifuta, Novemba mwaka huohuo bodi ya juu ikageuza uamuzi huo, na Januari 2015 pande mbili zikamalizana kwa dola 1,100 bila yeye kukiri kosa. Faini ilishuka, lakini kuanzia hapo kila mtu alijua kwamba droni mbele ya sheria ni chombo cha anga.

KWA NINI WASINGETUMIA WI-FI TU?

Mwaka 2010 huohuo kampuni ya Parrot ya Ufaransa ilileta AR.Drone, droni ya kuendesha kwa simu, picha inakuja kwa Wi-Fi.  Sasa mbona marubani wa FPV hawakuikimbilia?

Jibu liko kwenye kuchelewa. Picha ya dijitali ina safari ndefu. Kamera inapiga, chipu inaibana iwe ndogo, inakatwa vipande, inarushwa, kipande kikipotea kinaweza kuombwa tena, kisha upande wa pili inafunguliwa ndipo uione. Picha ya analojia haina mambo hayo. Mstari ukisomwa kwenye kamera unarushwa hapohapo, unatokea kwenye miwani. Mbaya, lakini imewahi.

Piga hesabu. Droni inayokwenda kilomita 100 kwa saa inakata karibu mita 28 kila sekunde. Picha ikichelewa milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde, droni imeshasogea zaidi ya mita 5 kabla hujaona kitu. Mti unaouona mbele yako kwa kweli umeshaugonga. Picha ikichelewa milisekunde 28, droni imesogea chini ya mita moja. Hapo mkono unawahi kukwepa.

Kuna jambo la pili. Mawimbi yakidhoofika, analojia inakuonya. Chenga zinaanza kidogo, zinaongezeka, unajua unatoka nje ya eneo, unageuza. Dijitali nyingi za zamani zilikuwa safi, safi, safi, halafu picha inaganda kama king'amuzi wakati wa mvua. Kwenye sebule unasonya tu. Kwenye droni inayokimbia umbali wa meta chache kutoka ardhini, umekuwa kipofu.

DOGO WA MIAKA 15 NA DOLA 250,000

Kufikia 2014 na 2015 droni za mapanga manne zilikuwa zimechukua nafasi ya ndege za povu, na watu wakaanza kushindana. Julai 2015 Marekani ilifanya mashindano ya kitaifa mjini Sacramento. Machi 2016 zamu ikafika Dubai, Dubai hiihii ambako wafanyabiashara wa Kariakoo wanafuata mzigo. Zawadi zote kwa pamoja zilikuwa dola milioni moja. Timu zilitoka pande zote za dunia. Mshindi akawa dogo wa miaka 15 kutoka Uingereza, na timu yake ikaondoka na dola 250,000.

Uwanja ulimeremeta taa za kila rangi, lakini kwenye miwani marubani walikuwa wanaona picha ya analojia yenye chenga. Hela yote ile ilishindaniwa kwa picha ambayo leo mtu angeikataa kwenye simu ya bei rahisi.

Mashindano ndiyo yaliyofundisha watu adabu ya masafa. Picha nyingi za FPV zinarushwa kwenye gigahezi 5.8, na mpangilio wa chaneli uliozoeleka kwenye mbio, Raceband, una chaneli nane tu. Marubani wawili wakiwa chaneli moja, mmoja anaona picha ya mwenzake au wote wanaona takataka. Ndiyo maana kwenye mbio ni mwiko kuwasha droni yako wakati wenzako wako hewani bila kuuliza. Unaweza kumwangushia mtu droni ya mshahara wake wa miezi kwa kuchomeka betri tu. Na ndiyo maana kwenye mbio nguvu ya kurusha hushushwa hadi miliwati 25. Ukipiga kelele sana kwenye chumba kidogo, hakuna anayesikika.

2019: DIJITALI YAWAHI

Julai 2019 kampuni ya DJI ya China ikatoa mfumo wake wa kwanza wa dijitali uliotengenezwa kwa ajili ya FPV. Picha ya 720p, fremu 120 kwa sekunde, na kuchelewa kulikotajwa kuwa chini ya milisekunde 28. Kwa mara ya kwanza rubani wa kawaida aliweza kuona matawi, nyaya na majani, na bado akawahi kukwepa. Wengi walihama.

Lakini si wote. Watu wa mbio walibaki na analojia, na baadaye wengine wakaenda kwenye HDZero, dijitali iliyotengenezwa isichelewe, ambayo ikidhoofika inaleta madoa badala ya kuganda. Mwaka 2022 ikaingia Walksnail, na mwaka huohuo DJI ikatoa O3, ambayo inarekodi 4K ndani ya droni yenyewe. Kabla ya hapo mpiga video alibeba kamera mbili: moja mbovu ya kuonea, nyingine nzuri ya kurekodia.

Analojia haikufa kwa sababu nyingine pia, ya kusikitisha. Kwenye vita vya Ukraine, tangu 2022, pande zote mbili zimetumia droni za FPV kama silaha, na nyingi zinarusha picha ya analojia kwa kuwa ni rahisi bei na droni hairudi. Wakaja watu wa kuvuruga mawimbi, marubani wakahamia masafa mengine, wavurugaji wakawafuata. Mwaka 2024 zikaanza kuonekana kwa wingi droni zinazoburuta waya mwembamba wa faiba kwa kilomita kadhaa ili zisitegemee mawimbi kabisa. Kifaa kilichobuniwa na watu wa kujifurahisha wikendi kimefika huko.

SASA UNUNUE NINI?

Historia yote hiyo inakupa mpangilio wa kununua, na droni yenyewe haiko namba moja.

Kwanza amua unataka kufanya nini. Mbio? Kuwahi ndiyo kila kitu, angalia analojia au HDZero. Video za harusi, nyumba na matangazo? Dijitali yenye picha kali. Kujifunza kwa hela kidogo? Analojia bado ni mwalimu mzuri.

Pili, chagua mfumo wa picha kabla ya kuchagua droni. Droni itaanguka, itavunjika, utabadilisha. Miwani utakaa nayo miaka. Na miwani ndiyo inayokufunga: dijitali ya kampuni moja haisomi ya kampuni nyingine. Hata ndani ya kampuni hiyohiyo, si kila miwani mipya inapokea kifaa cha zamani. Ukikuta droni ya bei ya kutupwa, uliza kwanza inaongea na miwani ipi. Mara nyingi bei imeshuka kwa sababu hiyo.

Tatu, usidharau antena. Nyingi za FPV zinazungusha mawimbi, nyingine kulia, nyingine kushoto. Ya kwenye droni na ya kwenye miwani lazima zizunguke upande mmoja, la sivyo unapoteza sehemu kubwa ya nguvu na kuanza kulaumu kampuni. Na usiwashe kifaa cha kurusha picha bila antena hata kwa dakika moja. Kinaweza kuungua na hakuna atakayekurudishia hela. Kumbuka pia kwamba gigahezi 5.8 haipendi ukuta wa zege. Ukijificha nyuma ya jengo, kununua nguvu kubwa zaidi hakutakuokoa sana. Sogea uone droni yako pasipo kizuizi.

Nne, kabla ya droni nunua rimoti nzuri, uichomeke kwenye kompyuta na ujifunze kwa programu ya mazoezi. Kwenye programu ukianguka mara mia mbili unabonyeza kitufe tu. Nje, kila anguko lina risiti.

Tano, fungua kitabu cha sheria. Tanzania droni ziko chini ya TCAA, Kenya ziko chini ya KCAA. Ulizia kibali kabla ya kulipia mzigo, si baada ya kuzuiwa uwanja wa ndege. Na kwa kuwa ukivaa miwani huoni nyuma yako wala pembeni, weka mtu wa kukaa nawe akiangalia anga na watoto wanaokuja kushangaa. Nchi nyingi zinalazimisha jambo hilo kisheria.

Yule dogo wa Dubai hakupewa dola 250,000 kwa sababu aliona vizuri kuliko wengine. Wote waliona chenga zilezile. Alichokuwa nacho ni picha iliyowahi na mkono uliozoea kuifuata. Kwa hiyo muuzaji akianza kukuhesabia "K" za kamera, mwache amalize, kisha muulize maswali mawili: picha inachelewa milisekunde ngapi, na mawimbi yakiisha inaleta chenga au inaganda? Akibabaika, beba hela yako uondoke.

Haya mdau, wewe ungeanza na ipi, chenga za analojia au dijitali ya bei? Shusha komenti hapo chini.