Mng'aro wa Gari Yako Ulianzia kwa Jani

Nianze na swali. Ule mng'aro unaobaki kwa bonneti ukishaosha gari, ukapuliza waksi na kupanguza, unatoka wapi? Usiniambie dukani.

Si kila chupa, tukubaliane. Nyingi siku hizi ni silikoni na polima tupu. Lakini ile iliyoandikwa "carnauba" kwa herufi kubwa ina historia ndefu, na mimi naona tunaiuza bila kuisimulia.

Karnauba ni mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazil, hasa Ceará, Piauí na Rio Grande do Norte. Majani yake yametanuka kama kipepeo, na kama umewahi kuona mikoma ya Turkana ama Tana River, hauko mbali. Kule ukame ni mkali, kwa hivyo jani linajipaka nta lenyewe lisipoteze maji. Watu huyakata majani kwa kisu kilichofungwa kwenye mti mrefu, wanayaanika juani, wanayapiga mpaka nta idondoke kama unga, kisha unayeyushwa. Inahitaji joto la zaidi ya digrii 80 kuyeyuka, wakati nta ya nyuki huyeyuka kwa 60 na kitu. Ndiyo maana gari ikiachwa juani nta hii haitiririki.

Sasa, nani aliileta kwa magari? Magari ya zamani hayakuwa na ile tabaka ngumu ya juu ambayo mafundi wetu huita klia. Miaka ya 1920, General Motors ilianza kutumia rangi ya Duco ya DuPont, iliyokauka haraka na kupunguza kazi ya wiki kadhaa hadi siku chache. Shida ni kwamba jua liliifanya ififie na kutoa vumbi kama chaki. Bila nta, gari ilizeeka mapema. Kupaka nta haikuwa urembo, ilikuwa matunzo.

Mahitaji yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 1935, H.F. Johnson Mdogo, mkuu wa kampuni ya nta ya Johnson, aliruka kwa ndege ya Sikorsky S-38 kutoka Wisconsin hadi Fortaleza kuitafuta mikarnauba. Ndege yenyewe aliibatiza Carnaúba. Jamaa alisafiri bara zima kufuata jani!

Halafu kuna Ben Hirsch wa Chicago, aliyeanzisha kampuni ambayo baadaye ikawa Turtle Wax. Inasimuliwa kwamba alikuwa anapitia magari yaliyoegeshwa, anang'arisha sehemu moja tu, halafu anamngoja mwenyewe arudi aone tofauti. Hiyo ni akili ya kijana yeyote wa kuosha magari hapa Nairobi, na sidhani angehitaji kufundishwa.

Baadaye, kuanzia miaka ya 1980, klia ikaenea. Rangi ikawa na ngao yake. Nta ya kopo, ile ya kupaka, kungoja ikauke na kusugua mpaka bega liume, haikuwa lazima tena. Hapo ndipo nta ya kupuliza ikapata nafasi. Ni nta kidogo iliyochanganywa na maji na vitu vingine. Dakika kumi umemaliza, na inadumu wiki chache tu.

Watengenezaji wanasema kazi imekuwa rahisi. Rahisi kwa nani? Mkono wangu na wako umepumzika, sawa. Aliye kwa shamba la karnauba bado anakata majani kwenye joto lile lile. Brazil ilifuta utumwa mwaka 1888, lakini sheria yake ya jinai bado ina kifungu cha 149, kinachozungumzia hali inayofanana na utumwa: deni lisiloisha, saa za kazi za kuvunja mwili, mazingira ya kudhalilisha. Wakaguzi wa kazi wameokoa watu kwenye mashamba ya karnauba zaidi ya mara moja. Mwaka 2017 televisheni ya Ujerumani, ARD, ilionyesha wakata majani wakilala nje ama ndani ya lori, wakinywa maji ya mto yasiyochujwa. Hiyo filamu ilihusu peremende, kwa sababu nta hiyo hiyo hung'arisha peremende. Magari hayakutajwa sana, na sisi wa magari tukanyamaza.

Hapa nyumbani pia kuna mtu anaumia. Pale ninapooshea gari, kupaka nta kwa mkono ilikuwa huduma yenye bei yake. Siku hizi wanapuliza kama nyongeza, na mteja analipia kuosha tu. Kijana haoni hata shilingi ya ule mng'aro.

Kwa hivyo uliza. Kampuni ikisema karnauba, iseme inanunua wapi na nani anakagua. Kijana akipuliza, mwongezee. Na ukipuliza mwenyewe, paneli iwe baridi, gari iwe kivulini, mpulizo mmoja au miwili inatosha, kisha panguza kwa kitambaa cha maikrofaiba na ugeuze upande mkavu. Ukifanya kwa jua la saa saba itakauka madoa, na utamwaga nusu chupa kuyaondoa.